Kituo cha kupitishia ujumbe kwa redio: jinsi ya kukijenga nyumbani kwa gharama ndogo

Stima ilipopotea karibu nchi nzima usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, wengi walikumbuka jambo tunalolisahau siku za kawaida: mnara wa simu nao hutumia stima. Ukiikosa, huendelea kwa betri au jenereta, na hivyo vikiisha hunyamaza. Tarehe 12 Mei 2024 ikawa zamu ya intaneti, pale nyaya mbili zinazopita chini ya Bahari Hindi, EASSy na Seacom, zilipokatika na huduma ikadorora Afrika Mashariki. Katika kaunti yetu hatuhitaji kungoja siku kama hizo. Kuna vijiji nyuma ya vilima ambako mkazi anajua ni mti upi wa kusimama chini yake ili simu ishike, na ndovu wakiingia shambani saa nne usiku hana muda wa kuufuata mti huo.

Makala haya yanaeleza njia moja ya kupeleka ujumbe mfupi bila mnara wa simu, bila intaneti na bila bando. Njia hiyo ni redio ya pakiti. Haichukui nafasi ya 999 au 112 pale simu inaposhika, wala ya redio za polisi na za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Ni njia ya akiba, na mkazi mwenye leseni anaweza kuijenga kwa vifaa vinavyoenea juu ya meza moja.

Redio ya pakiti ni nini

Redio ya mkononi ya kawaida, kama zile za walinzi wa maduka, hubeba sauti. Redio ya pakiti hubeba maandishi. Kompyuta ndogo hugeuza ujumbe kuwa kifurushi kifupi, yaani pakiti, chenye jina la anayetuma, jina la anayepelekewa, njia ya kupitia, maneno yenyewe, na mwishoni nambari ya kuhakiki. Kifurushi hicho hugeuzwa kuwa milio miwili inayopokezana kwa kasi, mmoja wa hezi 1,200 na mwingine wa hezi 2,200. Ukiisikiliza kwa sikio utasikia mkwaruzo mfupi kama wa mashine ya faksi. Upande wa pili, kompyuta hupiga hesabu ya kuhakiki. Ikilingana, ujumbe unaandikwa kwenye skrini. Isipolingana, unatupwa.

Hapo ndipo faida yake kubwa ilipo. Sauti iliyokatikakatika inaweza kumfanya msikilizaji asikie Bura badala ya Jora, na msaada ukaenda upande mwingine wa kaunti. Pakiti hufika nzima au haifiki kabisa.

Kasi yake ni ndogo mno ukilinganisha na simu: biti 1,200 kwa sekunde. Picha na video hazina nafasi hapa. Lakini ujumbe wa herufi 100 hutumia takriban sekunde moja hewani, na mtu aliye hatarini haandiki barua. Katika mfumo unaotumika zaidi, uitwao APRS, ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 67. Tazama hii: NDOVU 12 WAMEVUKA BARABARA BUNGULE 1840 WAELEKEA MASHAMBA. Hizo ni herufi 57 pamoja na nafasi, na mpokeaji ameshajua nini, wapi, saa ngapi na wanaelekea wapi.

Teknolojia hii si ngeni Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti kuenea, shirika la SatelLife lilikuwa na mtandao ulioitwa HealthNet, ukiwaunganisha madaktari na maktaba za tiba katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Setilaiti ndogo ilipita angani mara chache kwa siku, ikazoa barua kwa njia ya pakiti ikiwa juu ya nchi moja na kuzishusha ikiwa juu ya nyingine. Moja ya setilaiti hizo, HealthSat-2, ilirushwa Septemba 1993. Mbinu ilikuwa ile iliyokuzwa na wanaredio wa ridhaa, yaani watu wanaoendesha redio kwa hiari bila kulipwa, na ni hiyo hiyo tunayoizungumzia hapa.

Kazi ya kituo cha kupitishia

Redio za aina hii husafiri karibu kama mwanga: kinachozuia macho kwa kawaida huzuia na redio. Fikiria mtu aliye Rukanga, chini ya mlima Kasigau, anayetaka kumfikia mwenzake mjini Voi. Umbali ni kama kilomita 50, na kilima cha Sagalla kimekaa katikati yao kama ukuta. Kuongeza nguvu ya redio hakusaidii sana. Kinachosaidia ni mtu wa tatu aliye juu Sagalla, anayewaona wote wawili.

Kituo cha kupitishia ndicho huyo mtu wa tatu. Husikia pakiti, huikagua, kisha huirusha upya kwa masafa yale yale. Kituo cha kupitishia sauti ni ghali kwa sababu lazima kipokee na kurusha kwa wakati mmoja, hivyo kinahitaji masafa mawili na vichujio vya bei. Cha pakiti kwanza husikiliza, kisha hunena. Redio moja na antena moja zinatosha, na hiyo ndiyo sababu ya kuwezekana nyumbani.

Urefu wa mahali ndio mtaji. Antena mbili zilizo mita 9 juu ya ardhi tambarare huonana hadi kama kilomita 25. Mtu mwenye redio mkononi hufika kwenye antena hiyo ya mita 9 kutoka kama kilomita 17. Sasa panda Vuria, kilele cha juu kabisa cha milima ya Taita, mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu tupu, upeo wake kuelekea nyika iliyo mita 1,600 chini yake unapita kilomita 160. Milima mingine itakata sehemu ya upeo huo, lakini ni wazi kwamba mkazi wa Werugha au Mgange ameanza mbio akiwa mbele ya mkazi wa Kaloleni, hata kama redio yake ni ya bei ya chini.

Hata hivyo, nyumba ya bondeni haikosi kazi. Kituo cha bondeni huwasikia wenye redio dhaifu walio karibu, ambao kituo cha mlimani hakiwapati, na kuwasogeza mbele. Kwa wengi wetu hicho ndicho kituo cha kujenga.

Jambo moja kuhusu vilele. Vingine ni misitu ya serikali, vingine ni mashamba ya watu, na vingine ni fighi, misitu mitakatifu yenye wazee wake. Usipande na mlingoti kabla ya kuzungumza na wenye mahali. Paa la nyumba yako halihitaji mazungumzo hayo.

Leseni kwanza, redio baadaye

Wengine huanza kwa kununua redio kisha wakauliza sheria. Afadhali kugeuza mpangilio huo. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998, anayerusha mawimbi ya redio anahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA), na leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na mamlaka hiyo. Ukipewa leseni utapata jina la kituo, ambalo kwa Kenya kwa kawaida huanza na 5Z4, na kila pakiti utakayorusha lazima ilibebe. Chama cha wanaredio wa ridhaa nchini, Amateur Radio Society of Kenya, ndicho mahali pa kupata wenzako wa kukuelekeza.

Uliza pia masafa ya kutumia kabla ya kurusha. Afrika iko katika kanda ya kwanza ya kimataifa, ambako wanaredio wa ridhaa wana nafasi kati ya megahezi 144 na 146, na katika nchi nyingi za kanda hii APRS hutumia 144.800. Vipimo vya antena vilivyo hapa chini vimefuata nambari hiyo.

Tahadhari yenye uzito ni hii. Redio za bei nafuu za mkononi, mfano Baofeng UV-5R, zinaweza kurusha kuanzia megahezi 136 hadi 174 na tena kwenye 400 na kitu. Ndani ya eneo hilo wamo walinzi wa kampuni, vyombo vya usalama na huduma nyingine zenye leseni zao. Kosa la tarakimu moja wakati wa kupanga redio linaweza kumziba mtu anayeita ambulensi. Panga redio kwa kompyuta, weka chaneli moja tu, kisha funga vitufe.

Sheria za kimataifa za redio ya ridhaa zinakataza biashara na zinakataza kuficha maana ya ujumbe kwa siri. Kwa hiyo kila unachotuma kinaweza kusomwa na yeyote mwenye redio. Jina la mgonjwa, nambari ya kitambulisho na siri ya M-Pesa havina mahali hapa. Oda za duka pia hapana.

Vifaa

Moyo wa kituo ni kompyuta. Kipakatalishi cha zamani kilicholala kabatini kinafaa kwa kujifunzia, ila kinakula umeme mwingi kwa kituo cha kuwaka usiku na mchana. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi Zero 2 W inatosha kabisa. Ilipoingia sokoni mwaka 2021 bei yake ilikuwa dola 15 za Marekani, na ikifika dukani Kenya huongezeka kwa usafiri na ushuru. Programu ya Direwolf, ambayo ni ya bure, hufanya kazi ya modemu, hivyo huhitaji kununua kisanduku kingine. Unaongeza kadi ya sauti ya USB, ile ndogo ya bei ya chini yenye tundu la spika na la maikrofoni, na waya wa kuiunganisha na redio.

Waya huo ndio mahali penye mtihani. Redio lazima iambiwe lini irushe. Redio nyingi zina mpango wa kujiwasha zinaposikia sauti, na kwa haraka watu huutegemea. Kwa pakiti si mzuri: huchelewa kuwaka na kumeza mwanzo wa pakiti, na huchelewa kuzima, ikakosa jibu. Mpe fundi wa redio akutengenezee waya wenye transista moja, ili kompyuta yenyewe ibonyeze kitufe cha kurushia. Ni kazi ndogo kwa anayejua kulehemu, na inatenganisha kituo kinachofanya kazi na kile kinachosumbua kila siku.

Antena usinunue. Chukua waya mgumu wa shaba au vijiti vya chuma vya kulehemea. Kipande kimoja cha sentimita 49 kisimame wima, kikiunganishwa na waya wa katikati wa kebo. Vipande vinne vya sentimita 52 viunganishwe na wavu wa nje wa kebo, vikiinama kuelekea chini kama miguu ya kigoda, nyuzi 45 hivi. Visigusane na kile cha wima. Ziba maungio yote kwa gundi isiyopitisha maji, kwa sababu maji yakishaingia kwenye kebo yanatambaa ndani yake.

Kebo iwe ya omu 50. Ile ya runinga ni ya omu 75 na ni bora iachwe kwa runinga. Hata kebo nzuri nyembamba, ya aina ya RG-58, hupoteza zaidi ya theluthi ya nguvu katika kila mita 10 kwenye masafa haya. Ndiyo maana inafaa zaidi kuweka redio karibu na antena, ndani ya kasha lenye kivuli chini ya paa, kuliko kuvuta kebo ndefu hadi sebuleni. Lakini usiiweke juu ya dari ya mabati bila hewa: jua la Voi saa nane mchana litaipika.

Kupanga programu

Katika faili la mipangilio ya Direwolf utaandika jina la kituo chako, kadi ya sauti unayotumia, njia ya kubonyeza kitufe, na kanuni ya kupitisha pakiti. Kanuni hii ya mwisho ndiyo inayoamua kama kituo chako ni msaada au kero.

Kila pakiti ya APRS huja na ombi la njia. Ikiwa na WIDE1-1, inaomba kituo chochote kilicho karibu kiipitishe mara moja. Ikiwa na WIDE2-1, inaomba kituo cha juu chenye upeo mpana. Kituo cha nyumbani kipangwe kijibu WIDE1-1 tu. Ukikipanga kijibu kila ombi, nyumba kumi za Voi zitarudia ujumbe mmoja mara kumi, na kwa kuwa chaneli ni moja kwa wote, hakuna mwingine atakayepata nafasi. Direwolf yenyewe hukataa kurudia pakiti ile ile ndani ya sekunde 30, na kinga hiyo usiiondoe.

Sauti nayo ina kipimo. Wanaoanza hupenda kuipandisha wakidhani itafika mbali, lakini sauti ikizidi milio hupasuka na hesabu ya kuhakiki hugoma. Direwolf huonyesha nambari ya kiwango cha sauti kwa kila pakiti iliyosikika. Lenga karibu na 50. Muda wa kusubiri kati ya kubonyeza kitufe na kuanza milio uanze na milisekunde 300. Nguvu ya redio ya mkononi iache kwenye kiwango cha chini, maana haikuundwa kurusha siku nzima na huchemka.

Umeme na radi

Kituo kinachozima pamoja na stima hakina faida. Kompyuta ndogo na redio ya mkononi kwa pamoja hutumia karibu wati 4 kwa wastani, yaani kama wati-saa 96 kwa siku. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 20 ina wati-saa 240, na ile ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, hivyo inakubeba siku nzima bila jua. Paneli ya wati 50 ikipata saa tano za jua kali hutoa hadi wati-saa 250 kabla ya hasara. Kwa Voi na Taveta inatosha. Kwa Wundanyi na milima yenye ukungu, ongeza paneli au betri, au vyote viwili.

Radi ni jambo jingine, na hapa gharama isipunguzwe. Mlingoti wa chuma uunganishwe kwa waya mnene na fimbo iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba, kwa njia fupi iliyonyooka. Mawingu yakikusanyika, chomoa kebo ya antena na uiache nje. Mlingoti usimame mbali na nyaya za stima kiasi kwamba hata ukianguka hautazigusa.

Kujaribu

Anza kwa kusikiliza. Kituo cha Kimataifa cha Anga hupita juu ya Kenya mara kadhaa kwa siku, na wanaredio waliweka humo kituo cha kupitishia pakiti kwenye megahezi 145.825. Kinapokuwa kimewashwa, antena yako ya vijiti inaweza kuzipata pakiti zake bila wewe kurusha chochote, na ukiziona zikiandikwa kwenye skrini ujue antena, waya na sauti viko sawa.

Kisha mtafute mwenzako mwenye leseni. Mwambie aende na redio ya mkononi kutoka kwako kuelekea Mwatate, akituma pakiti moja kila kilomita. Andika zipi zilirudishwa na zipi zilipotea. Utashangaa: kona moja ya barabara itafuta kila kitu, na mita mia mbili mbele mawasiliano yatarudi. Chora mahali hapo kwenye ramani na mpe nakala chifu na kikundi cha kijiji kinacholinda mashamba, ili wajue ni wapi ujumbe utapita na ni wapi lazima mtu atembee kwanza. Wale wenye uzio wa mizinga ya nyuki kule Sagalla tayari wanajua njia za ndovu. Ramani yako iwekwe kando ya ile yao.

Kagua maungio ya antena kabla ya mvua za Novemba na tena kabla ya zile za Machi. Mara moja kwa mwezi, zima paneli asubuhi na uhesabu saa ambazo betri inashikilia. Zikianza kupungua chini ya siku moja, badilisha betri.